Sifa za Fundi wa Nyaya

Katika kazi zote zitendwazo kando ya barabara kuu ipitayo Emali, Makindu na Mtito Andei, na katika gereji za Kitui mjini ambako magari hurejea yamejaa vumbi jekundu la Mutomo, sioni inayostahiki sifa na kuikosa kama ile ya fundi wa nyaya, hasa anapoivua dashibodi na kukabiliana na soketi zenye pini tele, kila pini ikileta habari ya kiungo kimoja cha gari.

Ilimu yake ya kwanza ni kutazama. Katika ramani za Toyota, pini za soketi ya kike huhesabiwa kutoka juu kushoto kwenda kulia, na za kiume kutoka juu kulia kwenda kushoto, ili zikutanapo uso kwa uso kila nambari ipate mwenziwe. Asiyelijua hilo huenda akaupeleka umeme wa betri palipokusudiwa ishara dhaifu ya joto. Waya mweupe wenye mstari mweusi aghalabu ni wa arthi, nao ukilegea, mishale ya geji hucheza kila taa ziwashwapo, mtu akadhani injini imeugua, ilhali maradhi ni skrubu moja yenye kutu.

Tena iko taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri, ambayo siachi kuistaajabia. Katika magari mengi ya zamani umeme wa kuiamsha altaneta hupitia ndani ya balbu hiyo, na altaneta ianzapo kuzalisha, nguvu za pande mbili za balbu husawazika, nayo ikazimika. Kwa hiyo balbu ikiungua, altaneta yenyewe huenda isiamke.

Wako mafundi ambao, gari likiuzwa, huunga waya wa taa ya injini na ule wa taa ya oili, zizimike pamoja, mnunuzi aridhike. Huo ni ushahidi wa uwongo, na mwenye kuulipia ni dereva apandaye kutoka Kibwezi adhuhuri, na shehena ya maembe, asijue kwamba injini imekuwa ikimlalamikia tangu alipolinunua gari.

Wakamba, wenyeji wa sehemu hizi, walisifika tangu kale kwa mikufu myembamba ya shaba, na kwa viti vya wazee vilivyotiwa nakshi za waya. Mkono huo ungalipo. Laiti vijana wanaojifunza ufundi katika miji ya Wote na Kitui wangefunzwa kuichora soketi nzima, pini kwa pini, kabla ya kuruhusiwa kukata waya hata mmoja.