Mapitio Simulizi katika Utafiti wa Uuguzi: Tahakiki kwa Mfano wa Miraa ya Laare

Mapitio simulizi ni utungo ambao mtafiti hukusanya maandishi ya waliomtangulia, akayasoma na kuyapima, kisha akayasimulia upya kwa mpango wake mwenyewe. Katika taaluma ya uuguzi utungo huu umeenea sana, na umelaumiwa sana vilevile. Mwaka 1987 Cynthia Mulrow alichunguza makala 50 za mapitio katika majarida manne ya tiba, akakuta ni moja tu iliyoeleza bayana jinsi habari zake zilivyotafutwa na kuchaguliwa. Nyingine zilimtaka msomaji aamini tu.

Lawama hiyo ni ya haki, lakini dawa iliyopendekezwa haitoshi. Kipimo cha SANRA, kilichotolewa na Baethge na wenzake mwaka 2019, kina vigezo sita, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 2. Kimojawapo kinahusu maelezo ya utafutaji wa maandishi. Mtunzi huweza kutaja hazina alizopekua na maneno aliyotumia, akapata alama zote mbili, na bado akawa ameikosa sehemu kubwa ya habari. Hapa ndipo suala la lugha linapoingia, nalo halijashughulikiwa ipasavyo na wauguzi wala na wanaisimu.

Mathalani, muuguzi wa Laare, katika miteremko ya Nyambene huko Meru, anataka kujua maandishi yanasema nini juu ya miraa na shinikizo la damu. Mmea ni mmoja, majina ni mengi: Waingereza huandika khat, Wayemeni qat, Wahabeshi chat, Wasomali jaad, Uganda ni mairungi na Tanzania ni mirungi. Anayetafuta kwa jina moja hupata jamii moja, na pamoja nayo hupata namna moja ya matumizi. Yemen hutafunwa majani. Laare hutafunwa zaidi gome la vichipukizi vichanga. Isitoshe, kathinoni, kemikali iliyotambuliwa katika maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975, hupungua kadiri mmea unavyonyauka, na ndiyo sababu miraa hufungwa katika majani ya mgomba na kukimbizwa sokoni. Basi kifungu kinachotajwa katika utafiti mmoja si kipimo sawa na kifungu cha utafiti mwingine. Wafanyabiashara wa Meru hutofautisha giza, kangeta na alele. Miti mikongwe nayo ina jina lake, mbaine, na bei yake. Mapitio yanayogawa watu kuwa watumiaji na wasio watumiaji, basi, yamefuta kwa neno moja yale ambayo mkulima amejitaabisha kuyapambanua.

Greenhalgh, Thorne na Malterud walidai mwaka 2018 kwamba si sahihi kuyaweka mapitio simulizi chini ya mapitio ya kimfumo, kwa kuwa simulizi hufafanua na kukuza uelewa. Hoja yao ina uzito, ila simulizi isiyojali majina haifafanui chochote.

Wala jambo hili si zoezi la darasani. Januari 2013 baraza la washauri wa serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilichapisha mapitio yake juu ya miraa, likashauri isipigwe marufuku kwa kuwa ushahidi wa madhara haukutosha. Serikali ikaamua kinyume, na tarehe 24 Juni 2014 marufuku ikaanza. Soko kubwa la ng'ambo likafungwa kwa wakulima wa Nyambene. Maandishi yalikuwa yaleyale. Kilichotofautiana ni namna ya kuusoma upungufu wake. Baraza liliuona upungufu kuwa sababu ya kuacha, serikali ikauona kuwa sababu ya kujihadhari.

Mtunzi wa mapitio ya uuguzi hukumbana na utata huohuo kila anapoandika kwamba "hakuna ushahidi". Je, madhara yametafutwa yakakosekana, au hayajatafutwa kabisa? Kwa mgonjwa wa Laare mwenye shinikizo la damu, jibu la kwanza linaweza kumtuliza na la pili lamtaka muuguzi ampime mara kwa mara na kuuliza anatafuna aina gani, kiasi gani, na saa ngapi baada ya kuchumwa. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuyatenga majibu hayo mawili. Ni wajibu wa mhariri wa majarida ya uuguzi kumrudishia mtunzi mswada wake mpaka avitumie.