Nyumba Ndogo, Mgeni na Mwenyeji

Kila mara tunapotafuta hadithi ya kigeni ifaayo kusimuliwa darasani kwa Kiswahili, hutujia vitabu vinavyoeleza maisha ya nyumbani: baba ajenga, mama apika, watoto watazama na kuuliza. Hadithi za namna hiyo zina utajiri wa maneno ya kazi, na mwanafunzi hujifunza lugha pasipo kujua kwamba anafundishwa. Katika toleo hili tumependa kukitazama kimoja chao, Little House on the Prairie, yaani nyumba ndogo mbugani, kilichoandikwa na Bibi Laura Ingalls Wilder wa Marekani na kuchapishwa mwaka 1935.

Kisa chenyewe si kirefu. Charles na Caroline Ingalls, wazazi vijana Wakristo, wanaihama misitu ya Wisconsin pamoja na binti zao, wakiwa ndani ya gari la turubai linalokokotwa na farasi. Wanafika katika mbuga za Kansas, karibu na mji wa Independence, na hapo baba anaanza kujenga. Mwandishi alizaliwa mwaka 1867, na jamaa zake walikaa Kansas tangu 1869 hata 1871. Kwa hiyo alikuwa mtoto mdogo mno, na mengi aliyoyaandika aliyapata kwa masimulizi ya wazazi wake. Yafaa tukisome kama riwaya iliyotokana na kumbukumbu. Si kitabu cha historia.

Sifa yake ya kwanza ni jinsi kinavyoiheshimu kazi. Mlango unatengenezwa bila msumari hata mmoja: vigingi vya miti, bawaba za ngozi, komeo la mti. Misumari ya paa inaazimwa kwa jirani, na baba hatulii mpaka ameirudisha yote. Siku ya Krismasi jirani huyo anavuka maji yaliyofurika ili watoto wasikose zawadi. Na zawadi zenyewe ni kikombe cha bati, pipi, keki ndogo na senti moja mpya kwa kila mtoto. Watoto wanaona wametajirika. Hapa mwandishi hatuhubirii juu ya kuridhika na kidogo. Anatuonyesha kikombe tu, nasi twaelewa.

Dini nayo imeingizwa kwa njia hiyo hiyo. Mbwa wao anapochukuliwa na maji, Laura anauliza kama hawezi kwenda mbinguni. Baba anamjibu kwa habari ya Mungu asiyewasahau hata shomoro. Jibu hilo fupi lapita mahubiri marefu.

Msomaji wa kwetu atatabasamu, tena kwa huzuni, afikapo sura ya homa. Nyumba nzima imelala kwa mitetemeko, na majirani wanasema ni tikitimaji lililowadhuru, kumbe ni malaria, ugonjwa uletwao na mbu. Anayewaokoa ni daktari mmoja mweusi aliyekuwa akiwatibu wenyeji wa nchi ile.

Na neno hilo, wenyeji, ndilo linalotufikisha penye dosari ya kitabu. Nchi ile ilikuwa ya Waosage. Familia ya Ingalls ilijenga juu ya ardhi ambayo haikuwa imefunguliwa kwa walowezi. Ni mwaka 1870 ndipo sheria ya Marekani ilipoamuru Waosage wahamishiwe nchi ambayo leo ni Oklahoma. Walakini ndani ya kitabu Waosage wanaingia nyumbani kama wageni wasiotakiwa. Mama anawapikia mkate kwa hofu, na anapumua waondokapo. Sisi husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Je, katika nyumba ile mgeni alikuwa nani?

Laura mwenyewe, kwa akili ya kitoto, anauliza swali hilo: kama hii ni nchi yao, na mama hawapendi, mbona tumekuja? Hapati jibu la kutosha. Baadaye anamwuliza baba kama watu hao hawatakasirika kwa kufukuzwa, naye anaambiwa anyamaze alale. Kwa maoni yetu hapo ndipo kilele cha kitabu, ingawa hatuna hakika kama mwandishi alikusudia hivyo. Baba aliyeweza kusema habari za shomoro amekosa neno la kusema juu ya jirani yake.

Katika chapa ya kwanza mwandishi alieleza kwamba nchi ile haikuwa na watu, ila Wahindi Wekundu tu. Msomaji mmoja alilalamika, naye Bibi Wilder akakiri kosa. Tangu chapa ya 1953 pamewekwa "walowezi" mahali pa "watu". Neno moja limebadilishwa, na ukurasa mzima umebadilika. Twamshauri mwalimu aiweke sentensi ya zamani katika Kiswahili mbele ya wanafunzi. Wataona mara moja kwamba haisimami: Waosage wana kiambishi kile kile walicho nacho Waganda na Wanyamwezi. Lugha yetu inakataa kuwataja bila kuwahesabu kuwa watu.

Wako wasemao kitabu hiki kiondolewe mikononi mwa watoto. Mwaka 2018 chama cha wakutubi wa watoto cha Marekani kiliondoa jina la Bibi Wilder katika tuzo yake kwa sababu ya mambo kama hayo. Sisi hatusemi kifichwe. Hasira hiyo twaielewa, maana nchi zetu zinalijua neno mlowezi. Lakini mtoto asomaye habari za mlango usio na msumari na asisikie swali la Laura, amefundishwa nusu. Mwalimu na asome sura za ujenzi, wanafunzi wajifunze kigingi, bawaba na komeo. Kisha asome sura ya swali, na asimwambie mtoto yeyote alale. Awaandikishe insha: habari za siku ile kama zingesimuliwa na Mosage aliyeketi akila mkate wa mama Caroline.

Mwishoni familia inaondoka, nyumba inabaki na jembe linabaki. Kuhamia ni kazi ya mikono. Kuwa mwenyeji kunataka pia ridhaa ya uliyemkuta.