Kizuri Hakikosi Ila

Wako watu wadhanio kuwa kazi ya mhakiki ni kuhesabu makosa. Wakipewa ngoma, hutafuta ufa. Wakipewa shairi, huhesabu mizani iliyopungua. Mtu wa namna hii akimaliza kazi yake huwa ametuonyesha ila zote za kitu, wala hajatuambia hata neno moja juu ya kilichowafanya watu wakipende. Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Msomaji, napenda tuipime methali hii kwa jambo ambalo vijana hulijua kuliko wazee wao, nalo ni michezo ya video.

Chukua mchezo uitwao Shadow of the Colossus. Uliongozwa na Fumito Ueda wa Japani, ukatoka mwaka 2005 kwa mashine ya PlayStation 2. Kijana mmoja, Wander, anapeleka maiti ya msichana aitwaye Mono katika hekalu, ndani ya nchi iliyokatazwa watu. Sauti isiyo na mwili inamwambia kwamba akiyaangusha majitu 16 ya nchi ile, huenda msichana akarudishiwa uhai. Kijana ana upanga, upinde na farasi wake, Agro. Zaidi ya hayo hapana kitu. Hapana mji, hapana soko, hapana maadui wadogo wa kupigana nao njiani.

Sasa tusizifiche ila. Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32 tu, na mchezo uliibebesha mzigo mkubwa mno. Jitu linapoinuka na vumbi kutimka, picha husitasita kama mzee apandaye ngazi. Kamera huhama wakati unapoihitaji itulie. Farasi hugeuka kwa kuchelewa, na mara nyingine hukataa kabisa. Mambo haya yaudhi, na mtu asemaye hakuyaona, ama hakuucheza mchezo ama hasemi kweli.

Walakini, tazama jitu la tano, ndege mkubwa atuaye juu ya nguzo katikati ya ziwa. Unamlenga mshale, naye anakushukia kwa kasi juu ya maji. Hapana budi umrukie bawani na kushika manyoya. Kidole chako kinakaza kitufe, duara ndogo ya nguvu inapungua, upepo unavuma, na ziwa liko mbali chini. Kisha ndege anaanguka, na muziki unaofuata si wa shangwe bali wa huzuni. Hapo moyo hujiuliza: kiumbe huyu alinikosea nini? Michezo mingi hukusifu kwa kuua. Mchezo huu unakuachia swali hilo, nawe unaondoka nalo.

Basi yafaa tutenganishe ila na ila. Mwaka 2018 mchezo huu ulitengenezwa upya na Bluepoint Games kwa PlayStation 4. Kule kusitasita kwa picha kukaondoka, na uzuri wake haukupungua. Hii ni hoja dhidi ya wale wasemao kwamba kasoro zenyewe ndizo uzuri. Sivyo; kusitasita kule kulikuwa mzigo tuliouchukua kwa ajili ya kitu kingine. Ama farasi, huyo ni habari nyingine. Farasi atiiye kama gari ni gari. Karibu na mwisho wa safari, daraja linavunjika, na Agro anamrusha bwana wake ng'ambo, mwenyewe akaporomoka bondeni. Twamlilia kwa sababu saa nyingi tumebishana naye kama mwenzetu. Ile tuliyodhani ni ila ilikuwa tabia yake.

Hata hivyo, usamehevu una mpaka. Tarehe 10 Desemba 2020 ulitoka mchezo Cyberpunk 2077, wa kampuni ya CD Projekt ya Poland. Katika PlayStation 4 uliharibika vibaya hata Sony wakauondoa katika duka lao siku chache baadaye na kuwarudishia wanunuzi fedha. Haukurudishwa mpaka Juni 2021. Baadaye ulirekebishwa sana, na wengi wakausifu. Lakini mnunuzi wa siku ya kwanza alitoa fedha kamili akapewa chakula kibichi. Mpishi aliyezidiwa na karamu kubwa twaweza kumsamehe moshi katika wali. Apakuaye kabla chungu hakijaiva, tuna haki ya kumrudishia sahani.

Kwa hiyo, msomaji, ukutanapo na kazi yenye kasoro, iwe mchezo, kitabu au wimbo, jiulize mambo matatu. Kasoro hii imetoka wapi: katika kujaribu jambo kubwa, au katika haraka na uvivu? Imeninyima nini? Na kilichobaki, je, chatosha kunifanya nirudi tena? Ukiyajibu kwa haki, hutakuwa mfuasi asifuye kila kitu, wala hakimu ahukumuye kabla ya kusikia. Utaweza kusema, pasipo haya, "Jambo hili lina makosa, nayajua yote, nami nalipenda." Maneno hayo ni machache, lakini hayasemwi ila na mtu aliyetazama kwa macho yake mwenyewe.