Mwalimu Ndiye Aliyefeli Usaili

Majaji wa usaili wa waimbaji wamelaumiwa bure wiki nzima. Yule kijana wa sauti nyembamba hakuonewa Jumamosi. Aliangushwa na mwalimu wake, tena kabla hajashika kipaza sauti. Mlimsikia wenyewe akimjibu mtangazaji, kifua mbele: "Huyu na bendi yake wanashuka jukwaani saa 9 usiku, dada yangu. Nikaona akilala hataamka, bora tukeshe." Usaili ulikuwa saa 2 asubuhi.

Wimbo ulichaguliwa vizuri, pumzi zilipangwa, ubeti wa kwanza ulipita salama.

Twende kwenye kiitikio, maana hapo ndipo mkesha ulipomtokea puani. Tazameni tena mstari wa pili, pale sauti inapotakiwa kupanda. Kidevu kinainuka, mabega yanafuata, mshipa wa shingo unasimama, noti inatoka chini kidogo ya ufunguo. Anaisikia, anaisukuma, sauti inapasuka. Jaji wa kati analaza kalamu mezani. Wengi wamesema ni woga. Woga ungemtetemesha tangu mstari wa kwanza, na huyu alianza imara. Kilichomshinda ni uchovu: sikio linajua noti ilipo, misuli ya koo inachelewa kuifuata.

Tupige hesabu ya saa. Mtu anayefanya kazi hadi saa 9 usiku huamka kwenye saa 5 asubuhi. Joto la mwili hushuka hadi chini kabisa kama saa mbili au tatu kabla ya muda wako wa kawaida wa kuamka, na wakati huohuo umakini na wepesi wa misuli huwa duni kabisa. Kwa kijana huyu, hapo ni kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Yaani mwalimu alimsimamisha mbele ya majaji wakati mwili wake uko usiku wa manane, na hajapata hata lepe la usingizi. Vijana wa umri ule saa ya mwili huchelewa kimaumbile. Si uvivu, na kugongewa mlango hakuisogezi.

Na lile kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu alilopewa kwenye foleni? Kafeini hufukuza usingizi kwa muda, haimrudishii mtu usingizi alioukosa. Afadhali hakupewa yai bichi la kulainisha sauti. Nimelisema hili miaka na nitalisema tena: unachomeza hupita njia ya chakula. Kikigusa nyuzi za sauti, utapaliwa.

Fomu za usaili zilitoka wiki mbili kabla, kwa hiyo muda ulikuwepo. Kijana angeombewa ruhusa kwenye bendi, kisha muda wake wa kuamka ungerudishwa nyuma nusu saa kila siku. Kutoka saa 5 asubuhi hadi saa 11 na nusu alfajiri ni siku 11. Kila akiamka, nje kwenye mwanga mara kunapokucha. Jioni, taa hafifu na simu mbali. Wengi hukosea wakidhani siku moja ya kumtoa mtu kitandani alfajiri inatosha. Mwanga ukimpata kabla joto la mwili halijafika chini kabisa, saa ya mwili huzidi kuchelewa. Ndiyo maana lazima usogee kidogo kidogo.

Asubuhi yenyewe, awe macho zaidi ya saa mbili kabla ya kuimba. Nyuzi za sauti huamka zimevimba kidogo kwa majimaji yanayojikusanya mtu akiwa amelala, ndiyo sababu sote tuna sauti nzito alfajiri. Aongee, anywe maji, aimbe kupitia mrija, atetemeshe midomo, avumishe sauti kutoka chini kupanda juu taratibu. Ikikataa kupanda, ashushe ufunguo nusu toni. Aliimba bila ala hata moja! Nani angemzuia?

Wakongwe wetu nao walikuwa watu wa usiku. Bendi za Msondo na Sikinde zilipiga dansi hadi majogoo, na bendi zilipoingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) zilirekodi wote kwa pamoja; mmoja akikosea, wimbo unaanza upya. Kompyuta ya kunyoosha sauti haikuwepo. Msikilizeni mwimbaji wa dansi Marijani Rajab muone jinsi sauti inavyokaa kwenye ufunguo. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mitambo ya kurekodi, na sahani zile zikamtangaza pwani nzima. Vijana wa leo wana vipaji vilevile. Walimu ndio wanaopuuza kazi ya msingi, na kupasha sauti wanakuona ni kupoteza muda.

Majaji wamempa kijana nafasi ya pili mwezi ujao, saa 2 asubuhi vilevile. Mwalimu, mwombee ruhusa kwenye bendi leo, uanze kumsogezea muda wa kuamka kesho. Na usiku wa kuamkia usaili, tafadhali, mwache mtoto wa watu alale.