Mkono Umevimba, Mkandaji Aanzia Shingoni

Mwanamke aliyetolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya titi anaweza kuvimba mkono, pengine miaka kadhaa baadaye. Akifika kwa mkandaji aliyesomea kazi ya limfu, atashangaa: vidole vinaanzia shingoni, juu ya mtulinga. Mkono wenyewe husubiri.

Mpangilio huo ndio kiini cha ufundi. Majimaji yanayovuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu huzolewa na mishipa ya limfu, hupita kwenye tezi, kisha humwagwa katika vena kubwa nyuma ya mtulinga. Limfu, yaani majimaji hayo, haina moyo wa kuisukuma; hutegemea misuli, pumzi na mishipa yake yenyewe inayojikaza, yenye vali za kuizuia isirudi. Ukianzia kiganjani, unayasukuma majimaji penye msongamano. Kwa hiyo hufunguliwa kwanza shingo, likafuata kwapa la upande mzima na kifua, kisha bega. Hata mkononi, juu ya kiwiko hutangulia. Kiganja ni cha mwisho.

Mguso nao ni mwepesi mno, na aliyezoea kuchuliwa kwa nguvu atahisi ameibiwa pesa. Lakini vijishipa vya mwanzo vya limfu viko chini tu ya ngozi, vimefungwa kwa nyuzi nyembamba kwenye tishu. Ngozi ikivutwa taratibu, nyuzi huvifungua vijishipa. Ukikandamiza hadi kwenye msuli, unavibana. Mafuta hayatakiwi, kwani kidole kikiteleza hakivuti ngozi.

Waliobuni njia hii ni Emil Vodder wa Denmaki na mkewe Estrid, wakiwa Cannes, Ufaransa, miaka ya 1930, wakati ambapo kuzigusa tezi zilizovimba kulihofiwa.

Saluni siku hizi huiuza kama dawa ya “kutoa sumu”. Hiyo ni kazi ya ini na figo. Hata kwenye mkono uliovimba, mzigo mkubwa hubebwa na bandeji ya kubana. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya 2015 yaliona ukandaji huenda ukaongeza nafuu kidogo juu ya ile ya bandeji. Bila bandeji, uvimbe hurudi.

Kwa mwenye matende, yaani uvimbe wa limfu mguuni, kuosha mguu kwa sabuni kila siku, kuukausha vizuri, kuuinua na kuufanyisha mazoezi ndiyo matunzo ya kwanza. Mguu ukiwa mwekundu, wa moto, na homa imepanda, usikandwe kabisa: hapo kuna maambukizi, mgonjwa aende hospitali.