Ufundi wa Kuupa Mlima Nafasi

Handaki likipita kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba, sakafu ndiyo inayotaabika zaidi. Maji ya mlimani hukusanyika chini, udongo huyanywa, na barabara iliyotandazwa sawasawa huanza kuinuka na kupasuka. Handaki la Belchen huko Uswisi, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3 na lililofunguliwa mwaka 1970, limesumbuliwa hivyo tangu lilipochimbwa. Mwamba wake una madini ya jamii moja na yale ya udongo mweusi unaopasua nyumba za Nairobi, tena umechanganyika na anhidraiti, ambayo ikipata maji hugeuka jasi na ujazo wake kuongezeka kwa asilimia 60 hivi.

Ninaustahi sana uvumilivu wa wanaopima mwamba wa namna hii. Kipande kilichochimbuliwa hufungwa kisipate wala kupoteza unyevu, kisha huchongwa kikae ndani ya pete ya chuma bila mwanya. Hukandamizwa kwa uzito mkubwa, ndipo hutiwa maji. Uzito hupunguzwa hatua kwa hatua, na kila hatua mpimaji husubiri mshale wa kipimo cha uvimbe utulie. Kwa udongo wa mfinyanzi ni kusubiri majuma. Kwa anhidraiti, hata miaka.

Watafiti Huder na Amberg waliueleza utaratibu huo mwaka 1970. Miaka miwili baadaye mtafiti Grob, akilichunguza handaki la Belchen lenyewe, alitoa kanuni: kila shinikizo linapopungua kwa nusu, uvimbe huongezeka kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo msogeo mdogo wa mwanzo huondoa mzigo mkubwa kuliko msogeo wowote unaoufuata.

Hapo ndipo msanifu huonyesha umahiri wake. Anaweza kujenga duara la zege nene lenye sakafu iliyopinda kama bakuli, likinzane na mlima. Anaweza pia kuacha nafasi chini ya barabara na kuweka vihimili vinavyobonyea shinikizo likizidi, kama ilivyofanywa kwenye handaki la Chienberg, huko huko Uswisi. Njia hii ya pili inanivutia zaidi, kwa sababu humtaka mhandisi ajue kwa hakika akubali uvimbe kiasi gani, na akomee wapi.

Hesabu hiyo yote huishia mikononi mwa wachimbaji: kutoboa bila maji, kuyaelekeza yanayochuruzika, na kuifunika sakafu kwa zege mapema. Mpira wa maji ukiachwa uvuje usiku kucha, mwamba huanza kunywa kabla kinga haijakamilika.