Obo si Zumari Tu

Kuiita obo "zumari" ni tafsiri sahihi kwa nasaba, pungufu kwa sikio. Ala zote mbili zina ndimi mbili nyembamba zinazotetema, na msikilizaji wa Wattaya aliyelelewa kwa Kiswahili, akiisikia obo kwa mara ya kwanza, ana haki ya kukumbuka arusi na ngoma za mwambao. Oman yenyewe ina surnai, ndugu wa zumari. Lakini ukumbusho si uhakiki.

Mpiga zumari huziachia ndimi hizo zitetemeke ndani ya kinywa, huvuta hewa puani huku mashavu yakiendelea kuisukuma nje, na wimbo haukatiki. Ndivyo uwanja unavyotaka: zumari huongoza juu ya vishindo vya ngoma, nayo ikinyamaza mchezo hulegea. Obo hubanwa kwa midomo. Mpigaji aweza kuifanya inong'one, ila kwa kawaida hukoma apumue.

Muziki wa Kifaransa wa chumbani, yaani wa wapigaji wachache wasio na kiongozi, ulijengwa juu ya kukoma huko. Mwaka 1879 mpiga filimbi Paul Taffanel aliasisi jijini Paris jumuiya ya ala za kupulizwa; Gounod akaitungia Petite symphonie ya 1885, kazi ya wapigaji tisa, nzuri ingawa ina adabu kupita kiasi. Aliyekwenda mbali zaidi ni Francis Poulenc. Katika utatu wake wa 1926, piano hutangulia kwa mapigo mazito, basuni ikanena, kisha obo ikajibu. Aliyezoea majibizano ya washairi hatapotea hapo. Sonata yake ya obo ya 1962, aliyoitunga kwa kumbukumbu ya Prokofiev, haiishii kwa mbio kama ilivyo desturi bali kwa maombolezo ya polepole. Poulenc mwenyewe alifariki Januari 1963.

Katika maombolezo hayo neno "zumari" huelemewa. Sauti iitayo watu arusini sasa iko matangani, na kila pumzi inayokatika husikika. Mfasiri aandikaye "zumari" pasipo neno la ziada humpeleka msomaji karamuni. Aandikaye "obo" tupu humficha nduguye. Kwa sonata hii, afadhali aandike "obo, zumari ya kunong'ona", japokuwa jina ni refu na wahariri watalalamika.